Sheria ya Moshi na Pipa la Shangazi

Nilikuwa kidato cha pili usiku ule mpangaji wa shangazi alipouliza mbona umeme umekatika. Umeme ulikuwepo. Taa ilikuwa inawaka ukutani na mimi nilikuwa chini yake nikifanya kazi ya Jiografia. Mzee yule alikuwa mponda kokoto kwenye mawe ya hapa Mkolani. Alikuwa amekunywa gongo tangu jana yake, si kwa shangazi bali kwa mtu mwingine ng'ambo ya barabara ya Shinyanga, na tangu mchana alikuwa anatapika. Tulimpakia kwenye bodaboda, kijana wa jirani akimshikilia kwa nyuma, tukampeleka kituo cha afya.

Nesi akauliza, "Amekula nini? Amekunywa nini?"

Shangazi akanitazama, kisha akamjibu nesi, "Jana alikula sato, sista. Labda alikuwa ameharibika."

Mzee alifariki kabla ya jua kuchomoza. Hakupimwa, kwa hiyo siwezi kuthibitisha kilichomuua. Ninachojua ni kwamba swali liliulizwa mapema, na watu wawili waliokuwa na jibu walinyamaza. Mmoja wao ni mimi.

Sababu ya kunyamaza ilikuwa nyumbani, nyuma ya choo, imefunikwa kwa mabati. Shangazi naye alikuwa na pipa. Mchanganyiko wake ulichachuka siku kadhaa, ukachemshwa, mvuke ukapita kwenye mrija wa shaba uliozamishwa kwenye maji baridi, ukadondoka ndani ya dumu tone kwa tone. Ada yangu, michango ya shule, sare na viatu vyote vilitoka kwenye dumu lile. Kumtajia nesi gongo kungemfanya nesi aulize imetoka wapi, na baada ya nesi wangekuja wengine kuuliza.

Nilipofika shahada ya uzamili ya historia nikajikuta narudi kwenye swali hilo: ilikuwaje kinywaji kinachopikwa karibu kila mtaa kikawa kitu ambacho mtu hawezi kukitaja hata mbele ya mgonjwa anayekufa?

Jibu linaanzia mbali na Mwanza. Mwaka 1890, mjini Brussels, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia biashara ya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Mwaka 1919, mkataba wa Saint-Germain ulikwenda mbele zaidi na kukataza kuitengeneza. Waingereza walipopewa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, walipewa pamoja na wajibu wa kudhibiti pombe kali. Utekelezaji wake ulifuata rangi ya mtu. Mzungu aliweza kunywa wiski klabuni kwake bila kosa. Mwafrika aliruhusiwa pombe ya mtama au ya ndizi, tena chini ya vibali na saa za kilabu, lakini pombe kali ilikuwa marufuku kwake. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wenyeji wanalindwa, afya yao na maadili yao. Katazo hilo la rangi liliondolewa katikati ya miaka ya 1950, uhuru ukiwa unakaribia.

Hapo ndipo nilipotegemea hadithi iishe. Kumbe serikali mpya zilikuwa na shida yao. Mwafrika sasa aliruhusiwa kununua pombe kali dukani, lakini ile anayoipika mwenyewe ilibaki nje ya kodi na nje ya ukaguzi. Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli mwaka 1965: mpishi achukue leseni, auze kwa kiwanda, kiwanda kisafishe na kuweka kwenye chupa. Ndiko ilikotoka Uganda Waragi. Mwaka uliofuata, 1966, Tanzania ikapitisha Sheria ya Moshi. Moshi ndilo jina la kisheria la gongo, na kuitengeneza, kuiuza au kukutwa nayo bila leseni ni kosa.

Nimeyasoma maneno hayo mawili, "bila leseni", mara nyingi. Konyagi na gongo zote ni mvuke wa kitu kilichochachuka uliokusanywa baada ya kupoa. Mbele ya hakimu, kinachozitenganisha ni karatasi. Katika hukumu za Mahakama Kuu za mwishoni mwa miaka ya 1960, kesi za kukutwa na moshi zinajitokeza mara kwa mara, lakini hapa Mkolani sijawahi kukutana na mama aliyewahi kuiona leseni hiyo kwa macho. Shangazi hakujua kama ipo. Alichokijua ni mgambo na siku zao za kupita.

Athari yake kwa afya niliiona kabla sijawa na maneno ya kuieleza. Anayepika kwa kujificha anapika usiku na kwa haraka, na wala hana pa kupeleka pombe yake ikapimwe. Akikamatwa, anarudi na deni, na deni hulipwa kwa kupika zaidi. Halafu kuna wasiopika kabisa, ambao hununua spiriti ya viwandani na kuichanganya na maji. Hapo ndipo inapoingia methanoli, sumu ambayo mnywaji hawezi kuitofautisha kwa ladha. Huchukua saa nyingi kabla ya kuonyesha makali yake: kutapika, macho kuona kama ukungu, kisha giza, kisha pumzi kuwa nzito. Inatibika mgonjwa akiwahi. Kuna dawa maalumu iitwayo fomepizoli, kuna kusafisha damu kwa mashine, na pale dawa hiyo inapokosekana madaktari hutumia ethanoli, yaani pombe yenyewe ya kawaida, kwa kipimo, ili kuzuia mwili usiigeuze methanoli kuwa sumu kali zaidi. Lakini tiba hiyo yote husubiri mtu aseme, "Alikunywa."

Ndiyo maana nilipoanza utafiti nilikuwa na jibu mkononi: ifuteni sheria. Kisha nikasoma habari za Kenya.

Chang'aa ni gongo kwa jina la jirani, na Kenya ilikuwa na sheria maalumu ya kuikataza. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, wengi wao katika vitongoji vya Mukuru, kwa pombe yenye methanoli. Mwaka 2010, Rais Mwai Kibaki alisaini Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo Wakenya waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha, John Mututho. Ilifuta katazo la chang'aa. Hoja ilikuwa ya afya: kinachouzwa hadharani kinaweza kukaguliwa.

Lakini iliyoruhusiwa ilikuwa chang'aa yenye leseni, iliyofikia viwango, ndani ya chupa ya glasi isiyopungua mililita 250, yenye onyo kwenye lebo. Mama aliyekuwa anauza kwa kikombe mlangoni kwake hakuwa na mtaji wa chupa wala wa kiwanda. Jana alikuwa na kosa la kupika chang'aa, leo ana kosa la kuuza kileo bila leseni, na askari ni yuleyule. Vifo havikukoma. Mei 2014, makumi ya watu walikufa kwa methanoli katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17.

Uganda nayo, pamoja na leseni zake za tangu 1965, ilizika zaidi ya watu 80 huko Kabale mwaka 2010, kwa waragi iliyochanganywa methanoli.

Kwa hiyo nimebadilika. Sisemi tena kwamba kufuta kosa kunaokoa watu. Kunaweza kuokoa, ikiwa njia ya halali ni fupi kiasi cha mama wa Mkolani kuifikia kwa miguu: leseni ya bei ya kibanda, pahali pa kupima dumu lake pale kwenye kata, na mnunuzi anayekusanya kutoka kwa wapishi wengi wadogo, kama Uganda ilivyokusudia mwaka 1965. Pasipo hayo, kosa linabadilishwa jina tu.

Na nisijifanye kwamba gongo safi haina madhara. Nimekua nikisikia wanawake wakipigwa na wanaume waliotoka kunywa kwetu. Viroba vya plastiki vilikuwa halali, vina lebo na vinalipiwa kodi, vikawamaliza vijana stendi na mashuleni hadi vikapigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Uhalali peke yake hauponyi. Ila mlevi wa kiroba alipozidiwa, waliompeleka hospitali hawakuogopa kusema alikuwa amekunywa nini.

Shangazi aliacha kupika nilipomaliza shahada ya kwanza, magoti yalipomchosha. Pipa sasa linakinga maji ya mvua. Mwaka huu nilimsomea sehemu ya tasnifu yangu, pale kwenye leseni na vipimo. Alisikiliza akichambua dagaa.

"Baba," akasema, ndivyo anavyoniita, "wakiruhusu, wenye viwanda watakuja na chupa nzuri, na sisi tutarudi kuuza nyanya. Bora ilivyokuwa."

"Na yule mzee, shangazi?"

Alinyamaza kitambo. Tangu usiku ule hatukuwahi kumzungumzia.

"Yule tulimuua kwa mdomo," akasema. "Leo ningemwambia nesi alikunywa. Ila ningesema pia kwamba mimi si ndugu yake, nimemkuta tu njiani."

Akaendelea kuchambua dagaa. Nimeliandika jibu lake kwenye daftari kama alivyolisema, kwa sababu ndivyo hasa sheria ya 1966 ilivyo huku kwetu: hata aliyeamua kusema kweli, lazima abakize uongo kidogo wa kurudi nao nyumbani.