Nani Humlipa Mpiga Kanuni?

Mwezi uliopita, katika harusi ya mpwa wangu mjini Unguja, niliwasikiliza watu wawili waliokaa kando ya mlango wakipiga muziki wageni wakiingia: mmoja fidla, mwingine kanuni. Ilipotimu saa mbili usiku walifungasha vyombo vyao, kinanda cha umeme kikawashwa, na kina mama wakainuka kutunza. Siku tatu baadaye niliwakuta wawili hao hao katika onyesho la ukumbini, mbele ya watalii waliokaa kimya kana kwamba wamo ibadani.

Nilimuuliza mpiga kanuni, ambaye ni rafiki yangu wa siku nyingi, kwa nini wawe wawili tu. "Mwalimu," akanijibu, "mwenye shughuli pesa zake zinatosha watu wawili."

Jibu hilo lina mizizi mirefu, kwani historia ya nyuzi Unguja ni, kwa sehemu kubwa, historia ya walipaji. Wa kwanza alikuwa mfalme. Masimulizi ya wanataarab yanaeleza kwamba Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo kujifunza kanuni. Muziki ukawa wa jumba la kifalme, ukiimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na mzigo ukahamia kwa wanachama. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Kwa sauti yake taarab ikasema Kiswahili na ikagusa dhuluma za mahakamani na mitaani. Mfalme asingelipia maneno ya namna ile.

Baadaye filamu na redio za Misri zilileta tamaa ya okestra kubwa: fidla kadhaa kwa pamoja, selo, udi, nai, akodiani. Mwaka 1958 kundi tunalolijua leo kwa jina la Mila na Utamaduni lilichipuka miongoni mwa vijana wa Afro-Shirazi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa chini ya serikali. Wapo wanaoukumbuka wakati huo kwa shauku, nami nawaelewa, maana okestra nzima ilikuwa na pa kuegemea. Lakini tusijidanganye: anayelipwa na dola hachagui maneno yake kwa uhuru wote.

Miaka ya 1990 taarab ya kisasa ikaiteka harusi. Wazee huwalaumu vijana kwa kukosa adabu ya kusikiliza. Mimi naona hesabu zaidi kuliko adabu. Kinanda kimoja cha umeme hufanya kazi ya watu wanane, na hakihitaji kusawazishwa. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na mpigaji huanza kuzikaza saa nzima kabla ya mgeni wa kwanza kuingia. Nani atamlipa kwa saa hiyo?

Kwa muda, jibu lilikuwa wafadhili. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, kimewafundisha vijana wengi fidla, udi na kanuni, wakiwemo wasichana ambao zamani wasingekaribishwa kwenye vyombo hivyo. Ufadhili wa nje ulipopungua, mwaka 2019 chuo kilikaribia kufunga milango. Mtalii naye hulipa, ila hulipia saa moja ya machweo, na kwa saa hiyo watu wawili wanamtosha.

Serikali, kwa upande wake, hukumbuka nyuzi inapopokea wageni wa heshima. Mpiga fidla aliniambia kwamba malipo ya dhifa moja ya mwaka jana bado hayajatoka. Ofisi husika, ambayo sitaitaja, imemtaka awasilishe hati ya madai kwa mara ya tatu. Ameipeleka Jumatatu, kwa nauli yake mwenyewe.