Karata mbili, vitu viwili: tulichopoteza bwami ilipokatazwa mwaka 1948



Siku hizi hapa Kindu, kwenye mabweni na hata chini ya miti ya chuo, vijana wamepakua programu za tarot kwenye telefone. Unabonyeza, karata mbili zinatoka. Tuseme Kifo na Jua. Kisha mtu anauliza wenzake: hizi mbili pamoja zinasema nini? Mmoja anasema utapata kazi, mwingine anasema kuna mtu wa familia atakufa, wa tatu anacheka. Mimi nimesoma historia, sitabiri mambo ya kesho. Lakini lile swali, "hizi mbili pamoja zinasema nini", ni swali kubwa kuliko tunavyofikiri, na hapa kwetu Maniema lilikuwa na shule yake. Njo habari ninayotaka tuongee leo.

Kwanza tarot yenyewe, kwa kifupi. Watu wengi wanaamini ilitoka Misri ya zamani. Hapana. Karata hizo zinaonekana kaskazini ya Italia katika karne ya 15, na kazi yake ilikuwa mchezo tu, kama sisi tunavyocheza karata jioni. Habari ya Misri ililetwa na Mfaransa Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, wakati hakuna mtu hata mmoja Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri. Champollion alifungua siri hiyo mwaka 1822. Zile picha ambazo programu nyingi za telefone zinatumia zilichorwa na mwanamke, Pamela Colman Smith, zikatoka London mwaka 1909. Kwa hiyo umri wake si mkubwa sana.

Karata ziko 78. Ukitaka kujua jozi ngapi zinaweza kutoka, piga hesabu: 78 mara 77, gawanya kwa 2, unapata 3,003. Hakuna mtu anayeweka maana 3,003 kichwani. Kwa hiyo msomaji wa karata halazimiki kukariri, analazimika kuunganisha. Anaangalia karata ipi imetangulia na ipi imefuata, nini kinafanana kati yake, nini kinapingana. Kifo kikitangulia na Jua likifuata, atasema kitu fulani kinaisha na mwanga unakuja. Jua likitangulia, atasema furaha hii iko na mwisho wake. Karata ni zilezile, maneno yamegeuka, juu mpangilio umegeuka.

Sasa tuje nyumbani. Ukitoka Kindu, ukashika barabara ya Kalima mpaka ndani ya Pangi, uko katika nchi ya Walega. Wengine wako upande wa Kivu ya Kusini, Shabunda na Mwenga. Walega hawakuwa na mfalme mmoja wa kutawala wote. Kilichowashikanisha kilikuwa bwami: chama cha madaraja, wanaume na wanawake, ambacho mtu hakuingia kwa kuzaliwa tu. Ulihitaji kuwa umepita tohara, kuwa na jamaa wa kukutegemeza, kuwa na mali ya kugawa, na zaidi ya yote kuwa na tabia ambayo watu wataisema vizuri. Kwa wanaume, madaraja makubwa yalikuwa kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, na juu kabisa kindi. Wanawake walikuwa na bombwa, bulonda na bunyamwa, na hiyo ya mwisho iliendana na daraja la juu la bwana. Yaani hata kupanda kwenyewe kulikuwa kazi ya watu wawili.

Masomo ya bwami yalifundishwa kwa vitu. Vinaitwa masengo. Vingine vilichongwa: sanamu ndogo za pembe ya tembo zinazoitwa iginga, vinyago vidogo vya mti vinavyoitwa lukwakongo vyenye ndevu za nyuzi. Vingine vilitoka porini bila kuchongwa: gamba la kakakuona, mdomo wa ndege, fuvu la mnyama, jani. Kulikuwa pia na mutanga, kamba ambayo juu yake vimefungwa vitu vidogovidogo, kila kimoja kikikumbusha methali. Mtu aliyejifunza alisimama mbele ya kamba ile kama sisi tunavyosimama mbele ya ukurasa.

Mtaalamu aliyetuachia habari nyingi kuliko wote ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji, aliyekaa na Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu kikubwa mwaka 1973. Jambo moja analirudia mara nyingi: kitu cha bwami hakina maana moja iliyofungwa. Maana inakuja wakati kitu kinapochezeshwa, kinapowekwa karibu na kingine, na methali inapoimbwa. Kinyago kilekile cha lukwakongo kinaweza kuvaliwa usoni, kuwekwa pembeni ya kichwa, kushikwa kwa ndevu, kuburutwa chini, kurundikwa pamoja na vingine. Kila namna ina neno lake. Kinyago kikubwa kinachoitwa idimu kilitundikwa kwenye uzio mdogo, na vile vidogo vya watu wa yananio vikapangwa kukizunguka. Ukikitoa kikubwa peke yake, unaona uso wa mti. Ukikiona katikati ya vidogo, unaona mkubwa na watu wake, unaanza kuuliza nani anamlinda nani.

Niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa upande wa Pangi maana ya gamba la kakakuona. Nilikuwa na kalamu tayari, nimechora jedwali: kitu upande wa kushoto, maana upande wa kulia, kama tulivyofundishwa kupanga data ya memwari. Mzee alinitazama, akauliza: "Mutoto wangu, iko pamoja na nini?" Nikasema, peke yake tu, mzee. Akasema: "Peke yake ni gamba."

Nieleze kwa mfano ninaoutengeneza mwenyewe, ili msiseme ni mafundisho ya siri. Kwa Walega kakakuona mkubwa ni mnyama mtakatifu. Inasemwa yeye ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba, juu magamba yake yamepangana kama majani ya paa. Kumuua kulikatazwa, na akipatikana amekufa, nyama yake iligawanywa kwa taratibu ya bwami. Sasa weka gamba lake karibu na jani la kuezekea. Jozi hii inaongea habari ya nyumba: jani moja halizuii mvua, yakipangana yanazuia, na watu wa ukoo ni vilevile. Ondoa jani, weka kengele ya mbwa wa kuwinda. Gamba ni lile lile, lakini sasa tunaongea habari ya mipaka: si kila kinachopita mbele yako ni nyama yako. Ukitaka maana ya gamba peke yake ndani ya kamusi, utaandika nini? "Nyumba" au "mpaka"? Zote mbili ni kweli, na hakuna iliyo kamili.

Piga hesabu tena. Kapu lenye vitu 20 tu linatoa jozi 190. Ongeza ngoma, wimbo, nani anashika na nani anatazama, utaelewa kwa nini mtu alichukua miaka mingi kupanda kutoka daraja moja mpaka lingine. Walikuwa wanafundisha watu kufikiri uhusiano kati ya mambo.

Tusichanganye bwami na tarot. Anayefungua karata anauliza: nini kitanipata? Nitapata kazi lini? Huyu mpenzi ataniacha? Mwanafunzi wa bwami alisimama mbele ya vitu viwili na swali likamrudia yeye: wewe ni mtu wa namna gani? Kuna sanamu inayoitwa Wayinda, mwanamke mwenye mimba, inayotumika kufundisha ubaya wa uzinzi na vita vinavyofuata. Kuna nyingine yenye nyuso nyingi, Sakimatwematwe, inayofundisha mkubwa kutazama pande zote kabla ya kusema. Hakuna mtu aliyewekewa hizo ili ajue ya kesho. Alionyeshwa ili aone namna ya kuishi leo. Walega wana neno busoga, ambalo linabeba uzuri wa kutazama na wema wa tabia kwa pamoja. Hata neno lenyewe ni jozi.

Tufike sasa kwenye sehemu inayouma. Serikali ya Ubelgiji iliangalia bwami kwa jicho la woga tangu mwanzo. Mwaka 1944 uasi wa Kitawala ulilipuka upande wa Masisi na Lubutu, na miaka hiyo kila chama cha Waafrika ambacho mtawala hakukielewa kilionekana hatari. Mwaka 1948 bwami ikakatazwa rasmi. Biebuyck alipofika miaka michache baadaye, bado aliwakuta wazee wanaoendelea, lakini mlango ulikuwa umeshaanza kufungwa. Vijana walikuwa kwenye shule za misheni na kwenye migodi ya kasiteriti, na wazee wengine walichoka. Vitu vikatoka: kwa wafanyabiashara, kwa maofisa, kwa wamisionari.

Angalia vilitoka namna gani. Kapu halikuondoka na mwenye kapu, na mutanga haukuondoka na anayejua kuusoma. Kilitoka kimoja hapa, kimoja pale. Leo sanamu za Walega ziko Tervuren karibu na Brussels, ziko Los Angeles katika makumbusho ya Fowler, ziko kwenye nyumba za matajiri. Zile za Fowler zilikusanywa na Jay Last, mmoja wa watu walioanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor kule California. Ukifungua katalogi utaona kila kitu kimewekwa ndani ya kioo chake, na taa yake, na kibao chake: Lega, mti, udongo mweupe, nyuzi. Ni kizuri sana, lakini ni sawa na kuchukua kitabu, kukata kila neno kwa mkasi, kisha kulitundika kila moja ukutani ndani ya fremu.

Mimi naona hasara kubwa ya 1948 iko hapa. Kitu kilichochongwa kinaweza kukaa miaka 200 ndani ya kioo. Kuunganisha hakukai ndani ya kioo. Kunakaa ndani ya mtu, na mtu anakufa.

Nalisema hili juu mjadala wa kurudisha vitu umefunguliwa. Mwezi wa 6 mwaka 2022 mfalme Philippe alifika Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, akakikabidhi makumbusho ya taifa kama mkopo usio na kikomo. Mwezi uliofuata Ubelgiji ikapata sheria ya kurudisha mali iliyotoka wakati wa ukoloni. Mimi naunga mkono kurudishwa. Lakini tuseme kesho sanduku linashuka hapa Kindu, ndani kuna iginga 40 na lukwakongo 60. Tunazipanga vipi? Ipi karibu na ipi? Tukiziweka kila moja ndani ya kioo chake, na kibao chake, tutakuwa tumejenga Tervuren ndogo kando ya Lualaba.

Njo maana nina ombi kwa wafinalisti wa historia, wa lugha, wa ualimu, wanaotafuta somo la memwari. Acheni jedwali la "kitu na maana yake". Nendeni Pangi, nendeni Kampene, mkae na wazee waliobaki na wamama waliobaki, na msiulize kitu kimoja. Peleka viwili. Uliza: hivi pamoja vinasema nini? Badilisha kimoja, uliza tena. Geuza mpangilio, uliza tena. Andika kila jibu, hata yakipingana. Rekodi na sauti, juu methali nyingine bila wimbo hazisimami. Lakini mheshimu pia pale mzee anaposema hapa sikupeleki, maana bwami ilikuwa na milango na si yote ilikuwa ya kila sikio.

Na mwenye programu ya tarot kwenye telefone asinikasirikie. Endelea kucheza kama unataka. Tayari unajua kwamba Kifo na Jua pamoja vinasema neno ambalo kila moja peke yake haliwezi kusema. Chukua akili hiyohiyo, panda pikipiki ya Kalima, ukamuulize bibi yako habari ya gamba na jani kabla hajaondoka.