Waliotia Maji Kwenye Umeme

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijana wa Marekani aliyetaka kompyuta yenye mbio kuliko ya jirani yake aliweza kuianza kazi hiyo kwenye yadi ya magari mabovu. Hakutafuta injini wala matairi. Alitaka rejeta ndogo ya hita, ile inayojificha nyuma ya dashibodi na kuwapasha joto abiria msimu wa baridi. Gari lililotajwa kwa heshima kati ya wapenzi wa mambo hayo lilikuwa Pontiac Bonneville ya mwaka 1977, kwa sababu rejeta ya hita yake ilitosha kubeba feni mbili za milimita 120 bega kwa bega. Akitoka hapo alipita duka la samaki wa mapambo kununua pampu, kisha duka la vifaa vya ujenzi akachukua mpira na kleampu. Muuza samaki akimuuliza amefuga samaki gani, jibu la kweli lilikuwa hana hata mmoja.

Kukutanisha maji na umeme ni jambo ambalo mzazi yeyote angelikataza, lakini hesabu ya joto ilikuwa upande wa watundu hao. Prosesa hugeuza karibu umeme wote inaoula kuwa joto, na joto hilo lote hutokea kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hewa ni hamali mvivu. Joto linalobebwa na lita moja ya maji kwa kupanda nyuzi moja tu lingehitaji zaidi ya lita 3,000 za hewa kulibeba. Fundi wa magari haambiwi hilo mara mbili.

Wajenzi wa kompyuta kubwa walikuwa wamekwisha kulijua zamani. Seymour Cray alipounda CDC 6600, iliyotoka mwaka 1964, aliipoza mashine hiyo kwa Freon, gesi ileile ya majokofu, na kazi ya upoozaji aliikabidhi kwa Dean Roush, mhandisi aliyetokea kampuni ya majokofu ya Amana. Utaalamu wa kugandisha nyama ulihamia kwenye hesabu. Cray-1 ya mwaka 1976 nayo ilitumia Freon, na iliwatoa jasho: mafuta ya kulainishia yaliyochanganywa na gesi hiyo yalivuja kama ukungu na kutanda juu ya bodi hadi zikapiga shoti. IBM ilipitisha maji ndani ya 3081, iliyotangazwa mwaka 1980. Kisha mwaka 1985 ikaja Cray-2, ambayo bodi zake zilizamishwa moja kwa moja ndani ya Fluorinert, kimiminika cha kampuni ya 3M kisichopitisha umeme. Kando yake yalisimama matangi ya kuonea ndani ambamo kimiminika hicho kilitiririka na kutoa povu, na watu wakaipa mashine jina la utani la Bubbles, yaani mapovu. Huenda ndiyo kompyuta ya kwanza ambayo mgeni alisimama kuitazama bila kujali inakokotoa nini.

Katika miaka ya 1990 chipu za aina mpya, zilizotumia umeme kidogo, ziliwaruhusu wakubwa hao kuyaacha mabomba. Maji yalipotoka kwenye vyumba vya benki na maabara, yaliingia vyumbani mwa vijana.

Yaliingia kwa tamaa ya kupata cha bure. Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, iliyouzwa kwa dola 149. Kasi yake ya kiwandani ilikuwa megahezi 300, ambayo ni mara nne na nusu ya mwendo wa njia ya data ya megahezi 66. Mwenye ubao mama mzuri alibadili namba moja tu, 66 ikawa 100, na prosesa ileile ikakimbia kwa 450, sawasawa na Pentium II iliyouzwa kwa bei ya juu mno. Miaka miwili baadaye, wenye Athlon na Duron za AMD waligundua kwamba kufuli la kasi ni madaraja madogo yenye rangi ya dhahabu yaliyokatwa juu ya prosesa yenyewe, na kwamba penseli ya kawaida ya shuleni inatosha kuyaunga, kwa kuwa risasi yake ni grafaiti na grafaiti hupitisha umeme. Mtu aliinama na penseli iliyochongwa vizuri, akachora mistari minne mifupi kuliko chembe ya mchele, akawasha.

Kasi ya wizi ina ushuru wake, nao ni joto. Pentium za kwanza za mwaka 1993 zilikula wati 15 hivi. Athlon ya gigahezi 1.4 ilipita wati 70 kabla hata mwenyewe hajaichokoza. Tena haikuwa na kinga. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya prosesa zinazong'olewa kipoozi zikiwa kazini: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea, Athlon ikatoa moshi. Dawa iliyokuwepo dukani ilikuwa feni za Delta za milimita 60, zinazozunguka karibu mara 7,000 kwa dakika, na mlio wake ulifanya chumba cha kulala kifanane na saluni yenye madraya matatu. Wengi walikimbilia maji wakitafuta usingizi kabla ya kutafuta kasi.

Mashine hizo za mwanzo zilikuwa na sura mbaya, na hapo ndipo raha yake ilipokuwa. Kipande cha shaba kilitobolewa kwa drili kikapata mifereji ndani, kikafunikwa, kikabanwa juu ya prosesa. Wenyewe wanakiita bloku. Rejeta ilining'inia nje ya kasha, au ilitokeza juu kama tangi la paa. Pampu iliyopendwa ilikuwa ya Eheim, kampuni ya Kijerumani ya vifaa vya matangi ya samaki, ambayo haikuwahi kuwaza kompyuta. Pampu hiyo ilitumia umeme wa ukutani. Maana yake kompyuta ilikuwa na plagi mbili, na aliyewasha moja akasahau ya pili alikuwa na dakika chache za kujuta. Baadaye wakabuni kadi ya rilei iliyowasha pampu kila kompyuta ilipowashwa, kifaa kidogo kilichozaliwa na majuto ya wengi.

Maji nayo yalikuwa na tabia zake. Ya bomba yaliacha chumvi, kwa hiyo walitumia yaliyotoneshwa, ndugu wa yale tunayoyaita maji ya betri. Hayo yakikaa kwenye mpira unaopenya mwanga yaliota ukijani, basi watu wakatia kulanti ya gari au dawa ya kuua vijimea. Somo gumu zaidi lilikuwa la metali. Bloku ya shaba ikikutana na rejeta ya alumini ndani ya maji yaleyale, mzunguko mzima hugeuka kuwa betri dhaifu, na alumini huliwa kimyakimya hadi itoboke. Kila kizazi cha wapenzi hawa kimejifunza hilo upya, kwa hasara.

Picha za enzi hizo ukiziona leo utacheka. Kompyuta imewekwa juu ya zulia, flashi imepiga kwenye bati na kurudi machoni, pembeni kinaonekana kidole cha mguu cha mpiga picha. Lakini zina kazi ya wazi. Moja inaonyesha kleampu imekazwa wapi, nyingine skrini yenye nyuzi joto, nyingine pengo lililokatwa kwa msumeno. Zilikuwa ushahidi na maelekezo: hivi ndivyo nilivyofanya, nawe unaweza.

Kilichoibadilisha picha ni dirisha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watu walikuwa wakikata ubavu wa kasha na kubandika akriliki, ili kazi yao ionekane kwenye mikusanyiko ya kucheza pamoja kama QuakeCon ya Texas au DreamHack ya Sweden, ambako kila mtu alibeba mashine yake. Dirisha likadai taa, taa zikadai maji ya rangi, na rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuani ikawa mtindo. Kisha Agosti 2003 Canon ikatoa EOS 300D, kamera ya kidijitali ya kubadilisha lenzi iliyoshuka chini ya dola 1,000. Mtu aliyekwisha kutumia mamia ya dola kwenye mabomba hakuona tabu kuongeza.

Wakati huohuo biashara ilikuwa inaamka. Koolance ya Marekani ilikwisha kuuza mitambo kamili, na Zalman ya Korea Kusini ikaja na Reserator, nguzo ya alumini ya buluu yenye kimo cha karibu sentimita 60 iliyopoza maji bila feni. Rejeta za Black Ice zilitoka kwa Hardware Labs ya Ufilipino. Bloku zikatoka Slovenia, kwa Edvard König, ambaye herufi za jina lake ndizo EK iliyochapwa juu yake. Pampu ya D5 ya Laing, Wajerumani wengine, ilikuwa imekusudiwa kuzungusha maji ya moto. Ilikula volti 12 za ndani ya kompyuta yenyewe, na kile kisa cha plagi mbili kikaisha. Viungio vikatulia kwenye hesi ya robo inchi ya mabomba ya Kiingereza, kipimo ambacho fundi bomba wa Tanga angekitambua.

Hapo hobi hii ingeweza kufa kwa kushiba. Mwaka 2004 Apple yenyewe ilitia kimiminika ndani ya Power Mac G5 ya gigahezi 2.5. Mwaka 2009 Corsair ikauza H50, mzunguko mdogo uliofungwa kiwandani na Asetek ya Denmark, ambao hata asiyejua kushika bisibisi aliweza kuufunga kwa nusu saa. Prosesa nazo zikaanza kujiongezea kasi zenyewe, hata cha kuiba kikabaki kiduchu. Sababu ya awali ilikuwa imekwisha. Waliobaki walibaki kwa ajili ya picha, na ni picha iliyoamua mashine ijengwe vipi.

Tazama mirija. Mpira laini hufanya kazi vizuri, hukunjika utakavyo na hubadilishwa kwa dakika tano. Lakini mbele ya lenzi unaonekana kama utumbo. Ndipo ikaja mirija migumu ya akriliki na PETG. Mjenzi husukuma kamba ya silikoni ndani ya mrija ili usibonyee, huuzungusha polepole juu ya bastola ya hewa moto hadi ulegee kama ugali mwepesi, kisha huulaza kwenye kalibu ya nyuzi 90 na kutulia bila kupumua. Akizidisha moto, vinatokea vipele vya mapovu ndani ya plastiki na mrija unakwenda jalalani. Ncha husuguliwa kwa msasa hadi zilainike, maana ncha kali hukata pete ya mpira kwenye kiungio, na mkato usioonekana kwa macho unatosha kumwaga maji juu ya kadi ya michoro ya bei ya pikipiki.

Kisha unakuja usiku wa tishu. Nyaya zote za ubao mama huchomolewa. Kwenye soketi kuu ya pawa saplai, mjenzi huunga waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, ili pampu pekee iwake. Chini ya kila kiungio hulazwa tishu nyeupe. Tangi hujazwa kidogokidogo, kasha linainamishwa huku na huku kama mtoto anayebembelezwa, mapovu yatoke. Baada ya hapo ni saa 24 za kuchungulia. Doa likionekana wakati huu ni funzo tu. Likionekana umeme ukiwa umewashwa ni msiba.

Upigaji picha wenyewe umekuwa ufundi mzito. Mashine inang'aa kila upande: kioo, nikeli, akriliki. Kwa hiyo chumba hutiwa giza, kamera hukaa juu ya miguu mitatu, shata huachwa wazi sekunde kadhaa, na taa moja yenye kitambaa hupitishwa taratibu kama brashi. Kichujio cha poleraizi hufuta mng'ao wa kioo, ila kwenye metali hakifui dafu. Taa za LED, ambazo huwaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliioni, huchora michirizi shata ikiwa ya haraka. Vumbi huonekana kama mchanga. Na jambo la kuchekesha: kile kioo kizima cha ubavuni, kilichochukua nafasi ya akriliki na kununuliwa ili vitu vionekane, mara nyingi huvuliwa na kuegeshwa ukutani kabla ya picha kupigwa.

Ubavu wa pili haupigwi. Huko nyuma ya ubao mama ndiko nyaya zilikosukumwa na kubanwa, kama stoo ya nyumba ambayo mgeni haonyeshwi. Picha za zulia na kidole cha mguu zilionyesha kila kitu. Hizi za leo ni nzuri zaidi na zinafundisha kidogo.

Huku wapenzi wakinyoosha mirija, wakubwa waliyarudia maji. IBM ilikiwekea chuo cha ETH cha Zurich kompyuta ya Aquasar mwaka 2010, na mwaka 2012 ikajenga SuperMUC ya karibu na München, zote zikipozwa kwa maji ya uvuguvugu ambayo joto lake lilipasha majengo. Mtambo wa Nvidia wa GB200 NVL72, uliotangazwa mwaka 2024, hutoa joto la kilowati 120 hivi kutoka kabati moja, na feni pekee haziwezi kulibeba. Mezani pia joto limepanda: kadi ya RTX 5090 ya mwaka 2025 imeandikwa wati 575, mara nane ya ile Athlon iliyotoa moshi. Safari hii maji yana kazi kweli, hata kwa anayeyapenda kwa rangi tu.

Na rangi hiyo ina bidhaa yake. Mayhems ya Uingereza walitengeneza Aurora, kimiminika chenye chembe zinazometa, ambazo pampu ikianza kazi hujisokota ndani ya mrija kama moshi wa udi. Hakikukusudiwa kukaa muda mrefu. Chembe hutuama kwenye kona na kuziba mifereji ya bloku, ambayo ni myembamba kuliko meno ya kitana. Mjenzi hukitia, huzima taa za chumba, hupiga picha zake hadi usiku wa manane, kisha hufungua koki ya chini, hukimwaga kwenye ndoo, husafisha mzunguko mara mbili tatu, na kutia maji meupe ya kawaida.