Bedford ya babu, kemshafti na tapeti zake

Najua nimepotea, testi zilinibana kinoma. Leo sina umbea wa bwenini. Nawaletea historia kidogo ya kwetu Chunya, maana likizo hii binamu yangu nusura arudie kosa lililommaliza babu.

Tuanzie mbali. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, na mji wa Mbeya wenyewe ulizaliwa 1927 kutokana na vuguvugu hilo. Mizigo ya wachimbaji ilipandishwa Kawetere kwanza ndipo ishuke Chunya, kilomita kama 72. Siku hizi ni lami, wazee wetu walikula vumbi na matope. Mgodi wa Saza ulipofungwa 1956, watu waliegemea zaidi kilimo, tumbaku ikiwemo, na bila lori tumbaku haifiki popote.

Lori la babu lilikuwa Bedford TJ, lile lenye pua, aina iliyotoka Uingereza kuanzia 1958. Injini yake, kama za malori mengi ya zama hizo, ilitumia tapeti bapa. Kwa wasiojua: kemshafti ni chuma kirefu chenye nundu. Kikizunguka, nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma fito, fito inainamisha roka, valvu inafunguka. Tapeti bapa ukiitazama chini unaiona imenyooka, kumbe imebinuka kidogo sana, na nundu nayo imelala upande kidogo. Hiyo inafanya tapeti izunguke yenyewe badala ya kusuguliwa sehemu moja. Injini mpya ikiwashwa, dakika za mwanzo kila tapeti inazoeana na nundu yake. Ndiyo maana fundi makini akizitoa anazipanga kwa namba, kila moja irudi ilikotoka.

Sasa kumbukeni hali ya miaka ile. Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, nchi ilikauka fedha za kigeni, spea zikawa kama lulu. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa. Babu akahangaika mpaka akapata kemshafti mpya kupitia Tunduma. Hela ya tapeti mpya ikakosekana. Akasema, "Hizi za zamani bado nzima, rudishia tu." Fundi akarudishia.

Safari chache tu, injini ikaanza kugonga. Tapeti zilizokwisha kulika kwa nundu za zamani zilizila nundu mpya, unga wa chuma ukaingia kwenye oili, beringi zikaenda na maji. Tumbaku ya watu ikabaki shambani. Babu aliuza ng'ombe kulipa madeni, na Bedford ikapanda juu ya mawe. Mama anasema ndiyo sababu yeye aliishia darasa la saba.

Turudi kwa binamu. Anataka kuifufua Bedford ileile. Kaona kwenye simu tapeti zenye kigurudumu, akapanga anunue hizo tu azitumbukize kwenye kemshafti ya zamani. Nikamwambia kaka, subiri kwanza!

Tapeti hizo si ngeni. Detroit Diesel ya mfululizo wa 71, iliyoanza 1938, ilikuwa nazo. Injini ndogo za V8 za Chevrolet zilianza kuzipata kiwandani 1987 kwenye magari madogo, malori yao yakafuata 1996. Faida ni msuguano mdogo. Lakini waliobadilisha walibadilisha seti nzima. Nundu za kigurudumu zina umbo lingine na hazikulala upande, na kwa kawaida kemshafti yake ni ya chuma kigumu zaidi. Tapeti yenyewe hairuhusiwi kuzunguka, lazima kuwe na kitu cha kuishika. Mara nyingi ni ndefu zaidi, kwa hiyo fito zinabadilika, na springi za valvu pia. Kemshafti nayo inahitaji kizuizi isitembee mbele na nyuma. Ukiweka kigurudumu kwenye nundu ya tapeti bapa, kinakanyaga ukingo mmoja tu. Ukiweka bapa kwenye nundu ya kigurudumu, inachimbika. Na bloku ya Bedford haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tukakubaliana atafute kemshafti na tapeti bapa, zote mpya, za injini hiyohiyo. Na oili yenye zinki ya kutosha, kwa sababu oili nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki, na tapeti bapa zinaitegemea.

Alinuna kidogo kwa sababu ya gharama. Nikamwonyesha mama, aliyekuwa kakaa pale barazani anachambua maharage. Binamu akacheka, akasema basi, atasubiri mpaka hela ya seti itimie.

Haya wadau, kesho kuna lekcha saa moja asubuhi. Alamsiki.