Ihithe: Kijiji cha Nyeri kilichomlea Wangari Maathai

KIJIJI cha Ihithe kiko eneo la Tetu, Kaunti ya Nyeri, magharibi mwa mji wa Nyeri. Kimejibanza chini ya milima ya Nyandarua, ambayo wakoloni waliiita Aberdare, na siku isiyo na mawingu wakazi wake huuona Mlima Kenya upande wa mashariki.

Ardhi ya sehemu hii ni ya miinuko na mabonde membamba, na udongo wake ni mwekundu wenye rutuba. Mvua ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na ile ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Wakazi ni Wakikuyu, na wengi wao hutegemea majani chai, ng'ombe wa maziwa, mahindi, maharagwe na viazi.

Utajiri mkubwa wa eneo hili ni maji. Mito ya Gura na Chania hutiririka kutoka Nyandarua hadi Mto Sagana, ambao ndio mwanzo wa Mto Tana. Maji hayo ndiyo huzungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu na Kindaruma. Hivyo basi, msitu ukiharibiwa Nyandarua, madhara yake hufika mbali na Nyeri.

Kabla ya ukoloni, Wakikuyu wa hapa waliuheshimu mti wa Mugumo. Ulikuwa mti wa ibada, na ilikuwa mwiko kuukata au kuokota kuni zake. Waingereza walianzisha kituo cha utawala mjini Nyeri mwaka wa 1902, wakafuatwa na wamishonari na walowezi. Familia nyingi zilienda Bonde la Ufa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu.

Miongoni mwa familia hizo ni ile ya Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe Aprili 1, 1940. Alipelekwa karibu na Nakuru akiwa mtoto mdogo, akarejea kijijini mwaka wa 1947 na kuanza masomo katika Shule ya Msingi ya Ihithe. Hatimaye alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1971, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika kiwango hicho.

Wakati wa vita vya Mau Mau, Tetu ilikuwa mstari wa mbele. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja hadi vijiji vyenye ulinzi. Mamake Wangari alikuwa mmoja wa waliolazimika kuacha boma na kuishi katika kijiji cha aina hiyo hapo Ihithe. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu huo Oktoba 21, 1956.

Vita vilipokuwa vikiendelea, mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 uliwapa Wakikuyu hati za mashamba na kibali cha kupanda kahawa na chai. Mapato yaliongezeka, lakini vichaka na miti ya asili ilifyekwa. Wangari alipozuru kwao baadaye, alipata Mugumo uliokuwa karibu na nyumbani umekatwa na kijito alichoteka maji utotoni kimekauka. Alisimulia habari za kijito hicho alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo, Desemba 2004.

Kumbukumbu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Green Belt Movement mwaka wa 1977, shirika ambalo limepanda zaidi ya miti milioni 50 nchini. Mwaka wa 2002 wakazi wa Tetu walimchagua Wangari kuwa mbunge wao. Alipopata habari za tuzo hiyo Oktoba 8, 2004, alikuwa safarini kuelekea Nyeri, na alisherehekea kwa kupanda mti huku akiutazama Mlima Kenya.

Wangari alifariki Septemba 25, 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Mwili wake uliwekwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu-maji, kisha ukachomwa katika tanuri la Kariokor, Nairobi.

Leo ua wa umeme wa takriban kilomita 400, uliokamilika mwaka wa 2009, unauzunguka msitu wa Nyandarua. Huzuia ndovu kuvamia mashamba ya wanavijiji, na pia huzuia misumeno kuingia msituni.