Gobore la babu: mtambo na alama vinavyoonyesha umri wake

Wasikilizaji wetu wa Mahege na Kibiti hutuuliza: gobore lililokutwa darini baada ya mzee kufariki ni la zama zipi? Kabla ya kulichunguza, chukulia kwamba limeshindiliwa. Baruti inaweza kukaa ndani miaka mingi ikiwa bado hai. Usivute mtambo, usilisogeze karibu na moto, wala usichungulie mdomo wa mtutu.

Sasa litazame ubavuni. Bunduki ya gumegume ina kinyundo chenye taya za kubania jiwe, na kando ya mtutu kuna kisahani cha baruti. Ya fataki haina kisahani. Ina chuchu ya chuma inayovikwa fataki, na kinyundo chake ni butu. Katika karne ya 19 gumegume nyingi ziligeuzwa kuwa za fataki badala ya kutupwa. Ukiona chuchu, na bamba la mtambo lina matundu ya skrubu yaliyozibwa, basi bunduki hiyo ilianza maisha na jiwe.

Neno "Tower" lisikudanganye. Ni alama ya Waingereza, lakini mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliiiga kwenye bunduki za biashara. Tafuta herufi ELG ndani ya umbo la yai. Kuanzia 1893 juu yake kuna taji. Kama taji halipo, mtutu ulikaguliwa kabla ya hapo. Mtutu wa bomba usio na alama yoyote huwa kazi ya fundi wa hapa hapa, na mara nyingi ni mchanga kuliko unavyoonekana.

Kwa nini silaha za kizamani zilidumu kwetu? Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaziachia gumegume. Mwaka 1905, Maji Maji ilipoanza Nandete, Umatumbi, kusini mwetu, wapiganaji wenye bunduki walishika zaidi magobore dhidi ya askari wa Mjerumani.

Kumiliki silaha kunahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 2015. Usilibebe mwenyewe hadi kituoni. Piga picha ya mtambo na alama kwa kumbukumbu ya ukoo, kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji awaite polisi walichukue lilipo.