Kuvumwani: Matandazo Hai ya Bustani za Kivulini

Miongoni mwa istilahi za elimu ya mimea ambazo Kiswahili kimezitunga kwa kuunganisha maneno mawili, kuvumwani ni mojawapo ambayo msomaji mwangalifu hawezi kuipita bila ya kusita, kwa sababu jina limeundwa kwa kuvu na mwani, ilhali mmea unaoitwa kwa jina hilo si kuvu wala si mwani. Ni mmea kamili wa kijani, wenye kishina na majani yake, ujitengenezeao chakula kwa nuru sawasawa na mwembe au mpunga; ila kimo chake aghalabu hakizidi urefu wa kidole, hauchanui maua wala hautoi mbegu, bali huzaana kwa spora, vumbi laini litokalo katika vikopo vidogo vilivyosimama juu ya vijiti vyembamba mno.

Kiumbe ambacho jina hilo lingekistahili zaidi ni likeni, ule utando wa kijivu au wa manjano unaoshika magome ya miti na mawe ya makaburi ya kale, ambao mtaalamu wa Uswisi, Simon Schwendener, alieleza mwaka 1867 kuwa ni kuvu na mwani walioshikamana wakaishi kwa mwili mmoja, na wataalamu wenziwe wakampinga kwa muda mrefu kabla ya kumkubali. Hata hivyo sioni faida ya kulitangua jina lililokwisha kuzoeleka. Istilahi haipimwi kwa asili ya silabi zake tu, bali kwa fasili inayofuatana nayo. Ninalolihofia zaidi ni mazoea ya kuiita kuvumwani ukoga, maana ukoga ni ule utelezi wa kuta za kisima na birika ambao wenye nyumba huusugua wauondoe, na alisikiaye neno hilo huwaza uchafu, na uchafu haupandwi bustanini.

Fasili basi ni hii: kuvumwani ni mmea usio na mizizi ya kunywea maji. Ulicho nacho mahali pa mizizi ni nyuzi nyembamba za kushikia udongo, gome au jiwe, ili usichukuliwe na upepo. Maji na chumvi zake huingia kwa majani, ambayo katika aina nyingi unene wake ni seli moja tu, hata ukilishika jani moja mbele ya jua nuru hupenya upande wa pili. Ukame ukizidi majani hujikunja, hupauka, na shughuli zote za uhai husimama pasipo mmea kufa; mvua ya kwanza ikinyesha, ukiinama kutazama utayaona yakijikunjua mbele ya macho yako, na katika dakika chache ukijani hurejea. Katika misitu ya Usambara na Uluguru, ambako ukungu hupita baina ya miti, kuvumwani zilizovika matawi huunasa ukungu ule na kuyadondosha maji yake chini taratibu, na jamaa yake iitwayo Sphagnum, ipatikanayo katika vinamasi vya Rwenzori, huweza kushika maji hata mara 20 ya uzito wake mkavu.

Kanuni za kuitunza hutoka katika fasili hiyo, nazo zinapingana na nusu ya mazoea ya mtunza bustani. Samadi haina kazi kwa mmea usiokula kwa mizizi. Kulima na kutifua hakuufai, kwani wapenda udongo ulioshindiliwa. Na pale chini ya miti mikubwa, penye kivuli, unyevu na udongo hafifu wenye tindikali, ambapo nyasi hupandwa kila mwaka zikafa kila mwaka, ndipo hasa pake. Watu huituhumu kuvumwani kuwa imeua nyasi, na tuhuma hiyo ni dhuluma: nyasi zilikwisha dhoofika kwa kukosa jua, nayo ikajaza nafasi iliyoachwa.

Kwa mimea itandayo chini na kuusitiri udongo, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jina. Wakulima wa kahawa na migomba wanalo neno matandazo, yaani nyasi na majani makavu yanayotandazwa shinani ili ardhi isikauke wala isichukuliwe na mvua. Mmea ufanyao kazi ileile ungali ukiishi waitwa vema matandazo hai, na kuvumwani ni matandazo hai ya kivulini.

Ithibati iliyo mashuhuri ya jambo hili ipo Kyoto, Japani, katika hekalu la Saihō-ji, ambalo mtawa Musō Soseki alilifufua mwaka 1339. Bustani yake ya chini imezunguka ziwa lililochorwa kwa umbo la herufi yenye maana ya moyo, na leo ardhi yote imefunikwa na kuvumwani za aina zipatazo 120, hata watu wakaliita hekalu hilo kwa jina la mmea wenyewe. Lakini Musō hakuzipanda. Visiwa vya ziwa lile zamani vilitandazwa mchanga mweupe, na inasimuliwa kuwa kuvumwani ziliingia zenyewe katika zama za Meiji, zilizoanza mwaka 1868, hekalu lilipopungukiwa na fedha za matunzo na bonde lile lenye unyevu likaachwa kwa miti na mvua. Wajapani walitambua kwamba kilichokuja bila kuitwa kilikuwa kizuri kuliko kilichoondoka, wakakihifadhi. Magugu hung'olewa kwa mkono, majani makavu hufagiwa kwa ufagio laini, na tangu mwaka 1977 haruhusiwi mtu kuingia ila kwa kuomba nafasi mapema, kwa kuwa wingi wa nyayo ulikuwa umeanza kuidhuru.

Habari hiyo yafafanua pia kwa nini uwenyeji una uzito katika kuchagua kuvumwani ya kupanda. Kuvumwani mwenyeji ni ile iliyokwisha ukubali unyevu, jiwe na kivuli cha mahali pake, na haimlazimu mtu kuibandua msituni, ambako huchukua miaka mingi kurudi na ambako wadudu wengi wameifanya maskani. Iliyo njiani kwako au juu ya vigae vya paa lako yatosha kwa kuanzia, mradi ya jiwe iwekwe juu ya jiwe na ya udongo juu ya udongo. Ondoa magugu na majani makavu, sawazisha ardhi, uishindilie, uiloweshe. Kisha vibandiko vidogo uvikandamize kwa kiganja mpaka vigusane na udongo pasiwe na hewa katikati, na uvinyunyizie maji mepesi kila siku hadi vishike. Wapo wanaoisaga pamoja na maziwa mgando wakaipaka ukutani, na mara nyingi wakapata ukungu mtupu.

Mkaazi wa pwani azingatie kwamba mawe ya matumbawe na chokaa ya kuta zetu hayana tindikali hata kidogo, kwa hiyo kuvumwani iletwayo kutoka Lushoto au Limuru haitastawi juu yake. Ile imeayo wakati wa masika upande wa kivuli wa ukuta wa kale ndiyo iliyokwisha izoea chokaa, na hiyo ndiyo ya kuongezwa.